Marekani Ilipigana na Koyote Miaka Mia. Koyote Ako Central Park Saa Hii

Kila Februari 2, kabla jua halijatoka vizuri, maelfu ya watu husimama kwenye baridi ya kuuma pale Punxsutawney, Pennsylvania, wakingoja wazee waliovaa kofia ndefu nyeusi wamtoe mnyama mmoja mnene kwenye kisiki na "kumuuliza" hali ya hewa. Akiona kivuli chake, baridi itakaa wiki sita zaidi. Asipokiona, joto linakuja mapema. Wamekuwa wakipanda kale kakilima kao tangu 1887. Kama umewahi kutazama ile filamu ya Bill Murray ya 1993, ile ya msee anayeamka siku ileile kila asubuhi, basi ushamwona. Anaitwa graundihogi.

Kamera zikizimwa, maisha ya huyu mnyama ni tofauti kabisa. Ni jamaa ya kindi, ila yeye amenona, kilo mbili hadi sita hivi, na kazi yake ni kuchimba. Chukua pimbi wa kwetu, mnenepeshe, mpe jembe. Shimo lake linaingia mita kadhaa chini ya shamba na lina milango zaidi ya moja. Gurudumu la trekta linatumbukia humo. Farasi anaweza kuvunjika mguu humo. Na akitoka anakula soya, klova na mboga za watu bila haya. Februari ni seleb, Juni ni mwizi. Mwaka 1883 bunge la jimbo la New Hampshire liliunda kamati nzima ya kushughulikia graundihogi, na wakapitisha zawadi ya senti 10 kwa kila mmoja aliyeuawa. Kamati ya bunge, bana, ya panya mnene.

Sasa wazee wa mashambani huko Ohio, Pennsylvania na New York wana stori moja wanayoirudia. Zamani, wanasema, ungepita barabara ya shamba ukawaona graundihogi wamesimama wima kando ya kila ua kama maaskari. Siku hizi unaweza kuendesha gari siku nzima usimwone hata mmoja. Ukiwauliza wameenda wapi, jibu liko tayari: koyote amewamaliza. Ukiwauliza dawa ni nini, jibu liko tayari pia: ua koyote.

Rudia hiyo polepole. Huyu ni mkulima ambaye babu yake alilipwa kuua graundihogi. Ametokea mnyama anamfanyia hiyo kazi bure, usiku, bila kuomba hata chai. Na mkulima anataka huyo mnyama auawe.

Kabla ucheke sana, ngoja nikuambie nilifikaje huko, juu si ati nina shamba Ohio. Mimi ni msee wa Nairobi aliyeacha chuo mwaka wa pili. Mwaka juzi nilienda ushago kwa shosho, upande wa Laikipia. Fisi alikuwa amechukua kondoo watatu ndani ya mwezi mmoja na anko wangu alikuwa amechoka kabisa, na simlaumu, kondoo watatu ni karo ya mtoto. Akanunua sumu ya wadudu, akaimwaga kwenye mzoga wa kondoo wa tatu, akauacha nyuma ya boma. Asubuhi ya pili tulipata tumbusi wawili chini ya mti, mabawa yamefunguka. Asubuhi ya tatu tukampata Simba, mbwa wa shosho, nyuma ya choo, povu mdomoni. Shosho hakusema kitu. Alimfunika na gunia, akaingia jikoni.

Fisi alirudi baada ya wiki mbili. Safari hii hakukuwa na mbwa wa kubweka.

Kwa hivyo nilianza kusoma kuhusu watu, mifugo na sumu kwa sababu ya Simba, nikitarajia kusoma juu ya Kenya. Kumbe ukifuata hiyo stori mpaka mwanzo unajikuta Marekani, na unajikuta Pennsylvania ileile ya wazee wa kofia.

Mwaka 1885 jimbo la Pennsylvania lilipitisha sheria ambayo watu waliiita Sheria ya Ngozi za Vichwa. Ukileta kichwa cha mwewe, bundi au kicheche, kaunti inakulipa senti 50. Sababu ilikuwa kuku. Wakulima walikuwa na hasira kuhusu kuku. Unajua vile inakuwa kukiwa na doo ya bure: watu waliacha kazi wakaingia msituni. Ndani ya mwaka mmoja na nusu jimbo lilikuwa limelipa takriban dola 90,000, na ndege na wanyama zaidi ya laki moja walikuwa wamekufa.

Halafu msee mmoja akapiga hesabu. Aliitwa C. Hart Merriam, na alikuwa anaongoza kaofisi kadogo ndani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani kalikoanza mwaka huohuo wa 1885, kazi yake ikiwa kusoma ndege na wanyama na uhusiano wao na mashamba. Merriam alikadiria kwamba kuku waliookolewa na hiyo sheria walikuwa wa thamani ya dola 1,875. Elfu moja mia nane. Halafu akakadiria mazao ambayo panya na wadudu wangekula sasa kwa kuwa bundi na mwewe wamekufa, akapata hasara ya zaidi ya dola milioni 3.8. Hata kama unadhani hesabu yake ilikuwa na chumvi (mimi nadhani ilikuwa nayo kidogo), ipunguze mara kumi na bado jimbo limejipiga risasi mguuni. Sheria ilifutwa 1887. Ndio, mwaka uleule walioanza kupanda kilima na graundihogi. Sijui kama kuna mtu Punxsutawney huwa anakumbuka hilo.

Hii ndio sehemu inayonikera. Ile ofisi ya Merriam iliendelea. Mwaka 1893 ilitoa kitabu kikubwa baada ya kupasua matumbo ya maelfu ya mwewe na bundi kuona wanakula nini, na jibu lilikuwa kwamba wengi wao ni marafiki wa mkulima. Kwa hivyo tusiseme watu hawakujua. Walijua, waliandika, serikali ikalipia uchapishaji. Lakini ofisi ya utafiti haipendwi na wanasiasa kama ofisi inayoua kitu. Merriam aliondoka 1910. Mwaka 1915 bunge la Marekani likawapa dola 125,000 za kuua mbwa mwitu na koyote, na ofisi ya wasomi wa ndege ikageuka kuwa kampuni ya kuua. Miaka michache baadaye walikuwa na maabara, na jina lake halikuwa la kujificha: Maabara ya Mbinu za Kutokomeza. Ilianzia Albuquerque, ikahamia Denver.

Hapa lazima tumtambulishe koyote vizuri, juu wengi wetu tunamjua kutoka kwenye katuni ya Road Runner, yule anayeanguka kwenye genge kila dakika mbili tangu 1949. Jina lake limetoka lugha ya Kinahuatl ya Mexico, coyotl. Ni wa ukoo wa mbwa, na kama umewahi kuona bweha kule Naivasha au Mara, umeshaona maisha yake: mdogo, mwerevu, anakula chochote, panya, matunda, mzoga, mwanakondoo akimpata. Zamani alikuwa mnyama wa nyika za magharibi na katikati. Pennsylvania hakukuwa na koyote. Sababu ni kwamba upande wa mashariki wa nchi ulikuwa na msitu, na msitu ulikuwa na mbwa mwitu wakubwa, na mbwa mwitu akimpata koyote anamuua. Hiyo ndiyo iliyokuwa polisi yake.

Sasa Wazungu walikuwa na vita na mbwa mwitu tangu siku ya kwanza. Koloni la Massachusetts lilianza kulipa zawadi ya kichwa cha mbwa mwitu mwaka 1630. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 karibu mashariki yote ilikuwa imesafishwa. Huko magharibi walitumia bunduki, mitego ya chuma, na strikini, sumu ambayo ilikuwa rahisi kuweka kwenye nyama. Montana walienda mbali zaidi: mwaka 1905 walipitisha sheria ya kuwaambukiza mbwa mwitu na koyote waliokamatwa ugonjwa wa upele wa ngozi, halafu kuwaachilia wakawaambukize wenzao. Serikali. Kwa sheria iliyoandikwa. Mwaka 1926 mbwa mwitu wa mwisho waliuawa ndani ya Yellowstone, mbuga ya taifa, mahali ambapo hata wewe leo ukichuma ua unaweza kupigwa faini.

Wakamaliza polisi, halafu wakashangaa mwizi mdogo amekuja mjini. Koyote alipanda kaskazini mpaka Alaska. Akashuka kusini mpaka Panama. Akaingia Ohio mwanzoni mwa karne, na leo yuko kwenye kaunti zote 88 za jimbo hilo. Njiani akazaliana na mbwa mwitu waliobaki na hata mbwa wa kufugwa, ndiyo maana koyote wa mashariki ni mkubwa kuliko wa magharibi. Jimbo pekee la Marekani ambalo hana ni Hawaii, na hiyo ni kwa sababu ya bahari. Chicago watafiti wamekuwa wakiwafuatilia kwa redio tangu 2000, wanaishi katikati ya jiji, wanavuka barabara wakiangalia magari. New York wameonekana Central Park.

Na haya yote yalitokea wakati anauawa kwa wingi. Mwaka 1931 rais Hoover alitia sahihi sheria iliyopanga dola milioni 10 kwa miaka kumi ya kuua wanyama waharibifu. Baada ya vita kuu ya pili ikaja sumu mpya, 1080, haina ladha, haina harufu, haina dawa ya kuizuia. Ikaja pia bomba dogo la sianidi linalochomekwa ardhini na chambo juu, mnyama akiuma na kuvuta linamlipukia mdomoni. Ofisi ileile, ambayo leo inaitwa Wildlife Services, katika miaka ya karibuni imekuwa ikiua koyote kati ya 50,000 na 80,000 kwa mwaka. Na hao ni wa serikali tu, sijahesabu wawindaji.

Kwa nini hawaishi? Koyote huishi kwa familia, dume na jike wakubwa ndio wanaozaa, wengine wanasaidia kulea. Ukiua wale wakubwa, familia inavunjika. Majike wadogo ambao wangengoja wanaanza kuzaa. Chakula kimekuwa kingi kwa sababu midomo imepungua, kwa hivyo watoto wengi zaidi wanaishi. Vijana kutoka eneo la jirani wanasikia kimya, wanahamia. Mwaka 1975 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California walitengeneza hesabu ya hii kitu, wakapata kwamba ukiua robo tatu ya koyote wote, kila mwaka, bila kupumzika, itakuchukua zaidi ya miaka 50 kuwamaliza. Hakuna serikali duniani yenye hiyo bajeti wala hiyo subira.

Kinachonichekesha ni kwamba graundihogi anafanya vilevile. Kule Letterkenny, kambi ya jeshi hapohapo Pennsylvania, watafiti waliwaondoa graundihogi kwa makusudi miaka ya 1950 na 1960 wakihesabu kinachotokea. Waliobaki walinusurika zaidi, na wageni wakahamia mashimo matupu. Shimo zuri halikai bila mpangaji, muulize mwenye ploti yeyote Pipeline.

Basi turudi kwa ile stori ya wazee. Je, koyote anakula graundihogi? Anakula, tena anampenda, ni nyama nyingi isiyokimbia haraka. Lakini angalia vitu vingine vilivyobadilika kwenye yale mashamba. Graundihogi ni mnyama wa pembeni. Anataka shimo kwenye kichaka na chakula hatua chache mbele. Wakulima wa zamani walikuwa na mashamba madogo yaliyogawanywa na mistari ya vichaka, mawe na miti, na hiyo mistari ndiyo iliyokuwa mtaa wake. Mashine zilipokuwa kubwa, mistari iling'olewa ili trekta ligeuke vizuri, mashamba manne yakawa moja, mahindi na soya mpaka upeo wa macho. Upande wa New England ilikuwa kinyume: mashamba yaliachwa, msitu ukarudi, na graundihogi hapendi msitu mnene. Bado haujaweka bunduki na zile fataki za gesi wanazotupa shimoni. Kati ya hao wote waliomhamisha, mmoja tu ndiye ana manyoya na anabweka usiku, kwa hivyo lawama zote zikamwangukia. Na kwa ujumla wake, kama aina, graundihogi hayuko hatarini. Amepotea kwenye kumbukumbu ya wale wazee kwa sababu shamba la kumbukumbu yao halipo tena.

(Kando kidogo: huyu mnyama ana virusi vyake vya ini vinavyofanana na homa ya ini ya B, viligunduliwa kwa graundihogi wa bustani ya wanyama ya Philadelphia, na dawa ambazo watu wanameza leo zilijaribiwa kwake. Kama una ndugu anayetumia dawa za hiyo homa, huenda unamdai graundihogi asante.)

Nisiwe mnafiki. Koyote anaua wanakondoo, na mtu aliyeamka akapata watano wameraruliwa hataki kusikia habari ya panya. Lakini tuongee kuhusu kondoo wenyewe. Mwaka 1942 Marekani ilikuwa na kondoo takriban milioni 56. Leo ni kama milioni 5. Ukimuuliza mfugaji, koyote. Ukiangalia historia: vita viliisha, nyuzi za kutengenezwa kiwandani zikaua bei ya sufu, watu wakaacha kula nyama ya kondoo, mishahara ya wachungaji ikapanda, na bei ya nyasi kavu pia. Kondoo walipungua hata katika majimbo ya mashariki wakati ambapo koyote alikuwa bado hajafika. Soko haliwezi kupigwa risasi. Koyote anaweza.

Na wanasayansi waliendelea kusema. Adolph Murie, aliyeajiriwa na mbuga za taifa, alizunguka Yellowstone akiokota kinyesi cha koyote, vipande zaidi ya 5,000, anavipasua kuangalia mifupa na manyoya. Hiyo ndiyo kazi ambayo mama yako angekuuliza ulisomea nini. Ripoti yake ya 1940 ilionyesha kwamba chakula kikuu kilikuwa panya na fuko. Wakubwa wengine hawakufurahi.

Kilichokuja kuwashtua watu wa kawaida hakikuwa koyote, walikuwa tai. Mwaka 1971, karibu na Casper, Wyoming, tai zaidi ya 20 walipatikana wamekufa, wakiwemo wale weupe kichwani walio kwenye nembo ya taifa lao. Walikuwa wamekula mizoga iliyotiwa thaliamu kwa ajili ya koyote. Nikisoma hapo niliona wale tumbusi wawili wa shosho chini ya mti. Februari 1972 rais Nixon, ndiyo, Nixon yuleyule, alipiga marufuku hizo sumu kwenye ardhi ya serikali kuu. Wafugaji walipiga kelele. Mwaka 1975 Ford alilegeza, mabomba ya sianidi yakarudi. Mwaka 1982 Reagan alifuta amri yenyewe. Halafu mwaka 2017, nje ya Pocatello, Idaho, mvulana wa miaka 14 alikuwa anatembea na mbwa wake karibu na nyumbani kwao, akagusa kibomba kilichochomekwa ardhini. Yeye alipona. Mbwa alikufa mbele yake. Ilichukua mpaka 2023 kwa idara ya ardhi ya serikali kuu kukataza mabomba hayo kwenye maeneo yake.

Sumu ilipita pia kwa wale ambao si koyote wala si mwanakondoo. Ofisi ileile iliwalisha sumu mbwa wa nyika, ambao ni mbwa kwa jina tu, ni kindi wa ardhini, binamu za graundihogi. Kicheche wa miguu myeusi, ambaye karibu chakula chake chote ni hao, akatoweka, watu wakadhani ameisha kabisa. Mwaka 1981 mbwa wa shamba moja huko Meeteetse, Wyoming, alirudi nyumbani na mmoja mdomoni. Walipokuja kukamata wa mwisho walikuwa 18 tu, na wote walioko leo wametoka kwa hao.

Sasa kuhusu sisi. Philadelphia, mji mkubwa wa Pennsylvania, kuna kampuni inaitwa FMC iliyokuwa ikitengeneza Furadan, dawa ya kuua wadudu wa mashambani. Hapa Kenya iligeuka kuwa dawa ya kuua simba: unaimwaga kwenye ng'ombe aliyeliwa, simba akirudi kumalizia analala hapo, na fisi, na tumbusi. Mwaka 2009 televisheni ya Marekani ilionyesha hiyo stori, na kampuni ikasema inaitoa sokoni Kenya na kununua iliyobaki madukani. Mwaka huohuo Marekani ilikataza masalia yake kwenye chakula chao. Lakini Desemba 2015 simba wa Marsh Pride kule Mara, wale wa filamu za BBC, bado waliwekewa sumu ya aina hiyo. Na utafiti wa 2015 juu ya tumbusi wa Afrika uligundua kwamba karibu vifo 6 kati ya kila 10 vilivyorekodiwa vilitokana na sumu. Tumbusi wengi wao hawakuwa walengwa. Walikuwa tu wanafanya usafi.

Nilimsomea anko baadhi ya hivi vitu kwenye simu. Alinisikiza mpaka nikamaliza, halafu akaniuliza, "Sasa wewe msomi, kondoo wangu walindwe na nani, na hao Wamarekani?"

Swali halali. Nilimwambia kuhusu kaunti ya Marin, California, ambayo mwaka 2000 iliachana na wauaji wa serikali kuu na kuanza kuwasaidia wafugaji kulipia nyua na mbwa wakubwa weupe wa kulinda kondoo. Akacheka, akasema ua wa California ni bei ya shamba lake lote. Nikamwambia kuhusu Yellowstone, mbwa mwitu waliporudishwa 1995 na jinsi koyote walivyopungua karibu nusu sehemu zingine. Akaniuliza kama nataka amlete simba ale fisi. Hapo aki sikuwa na jibu.

Halafu nikamwambia kuhusu Richard Turere, kijana wa Kimaasai aliyekua kando ya mbuga ya Nairobi. Akiwa na miaka 11 aligundua simba wanaogopa taa inayotembea, kwa hivyo akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, na kile kifaa cha indiketa cha pikipiki, akafunga balbu za tochi kuzunguka boma zikawa zinamulika moja baada ya nyingine kana kwamba mtu anazunguka usiku. Mwaka 2013 alisimama jukwaani California akaelezea. Hapo anko alinyamaza kidogo. Indiketa ya pikipiki anaijua, ana pikipiki.

Wiki iliyopita alinipigia saa nne usiku. Shosho ameletewa kibwa kipya na jirani, bado kidogo, kinaogopa kuku. Taa mbili za upande wa mto zimegoma. Na amesikia kitu kinacheka huko nje. Alitaka kujua waya mwekundu unaingia wapi.